Edmond Thieffry: avoka aliyefuata ndege, safari yake ikaishia karibu na Tanganyika

Kijana wa Bukavu akimaliza sekondari na kusema nyumbani kwamba anataka kuwa rubani, mara nyingi watu wananyamaza kwanza. Kisha maswali yanaanza. Shule iko wapi? Minerval ni ngapi? Na ukimaliza, ndege ya kuendesha utaipata wapi? Tangu vita vifike Kavumu mwezi wa pili 2025, swali hilo la mwisho limekuwa zito zaidi, juu kiwanja chenyewe cha mji kiliingia ndani ya vita.

Je, urubani bado ni kazi ya kufuata? Swali hili si la leo. Miaka mia moja iliyopita, mtu mmoja aliyekuwa na kazi nyingine nzuri mkononi alilijibu kwa maisha yake, na maisha hayo yakaishia huku mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika. Mtu huyo ni Edmond Thieffry, Mbelgiji wa kwanza kuunganisha Bruxelles na Kinshasa kwa ndege.

Avoka aliyevunja ndege

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 Etterbeek, upande wa Bruxelles. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Louvain. Njia yake ilikuwa imenyooka: kuwa avoka, kuvaa kanzu nyeusi, kusimama mbele ya majaji, kula mshahara wa mtu aliyesoma. Hakuna mzazi ambaye angelalamika.

Halafu vita vya 1914 vikaja. Wajerumani waliingia Ubelgiji, na kijana Thieffry akakamatwa upande wa Liège. Hakukaa sana. Alitoroka kwa pikipiki ya zamani akavuka mpaka kuingia Uholanzi. Huko nako walimkamata, maana Uholanzi haikuwa vitani na haikutaka askari wa watu wengine katika nchi yake. Hapo sheria aliyoisoma ikamfaa: alijua lugha yao, alijua kanuni zao, akajitetea mpaka wakamwacha. Akarudi kwa jeshi lake.

Mwaka 1915 akaomba kuingia upande wa ndege. Mwanzo wake haukuwa wa kusifiwa. Katika mafunzo alivunja ndege kuliko wanafunzi wenzake wote wa Ubelgiji. Alipopewa kazi ya kubeba mtu wa kuchunguza adui kutoka juu, akavunja tena. Mwishoni hakuna aliyetaka kukaa naye ndani ya ndege, kwa hiyo wakubwa wakampa ndege ya kivita yenye kiti kimoja. Hapo ndipo alipojikuta. Tarehe 3 Julai 1917 aliangusha ndege mbili za Wajerumani siku moja. Jumla yake ikafika kumi, na jina lake likajulikana nchi nzima. Lakini tarehe 23 Februari 1918 aliangushwa naye, akakamatwa, akakaa mikononi mwa Wajerumani hadi mwisho wa vita.

Amani iliporudi, alirudi kwa uavoka. Ni jambo la kukumbuka: shujaa huyu wa anga hakuwa na kazi ya urubani ya kurudia. Kazi hiyo, kama kazi ya kuishi nayo, karibu haikuwepo. Ilikuwa bado kutengenezwa.

Kongo kabla ya safari yake

Watu wengi wanafikiri ndege zilifika Kongo pamoja na Thieffry. Sivyo. Tarehe 1 Julai 1920 laini iliyoitwa LARA, kwa jina la mfalme Albert, ilianza kuruka kutoka Léopoldville, ambayo ndiyo Kinshasa ya leo. Zilikuwa ndege za kutua juu ya maji. Zilifuata Mto Kongo kama vile meli zinavyoufuata, na mwaka 1921 zikafika Stanleyville, yaani Kisangani. Ilikuwa laini ya kwanza ya ndege katika Afrika ya kati. Mwaka 1922 ikasimama.

Ndege hizo zenyewe zilikuwa zimefika Kongo ndani ya meli. Hakuna aliyekuwa amevuka kwa anga kutoka Ubelgiji. Mwaka 1923 kampuni ya Sabena ilianzishwa, na Thieffry akashika wazo moja bila kuliachilia: ndege itoke Bruxelles, ivuke jangwa la Sahara, ifike Kongo. Wengi waliona ni ndoto. Mfalme Albert alilipenda wazo hilo, na ndege iliyochaguliwa ilipewa jina la binti yake, Princesse Marie-José. Ilikuwa Handley Page yenye motere tatu.

Siku 51, saa 75

Waliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, watu watatu: Thieffry, rubani mwenzake Léopold Roger, na fundi wa motere Joseph De Bruycker. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari kuingia Algeria, wakaingia jangwani, wakatokea kwa Mto Niger pale Gao na Niamey, wakaendelea hadi Ziwa Chad na Fort-Lamy, mji ambao leo unaitwa N'Djamena. Kutoka hapo wakashuka Bangui, kisha wakaingia Kongo. Tarehe 3 Aprili 1925 walitua Léopoldville. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 8,000.

Hesabu ya safari hiyo inafundisha kuliko sifa zake. Ilichukua siku 51, lakini saa walizokuwa hewani zilikuwa 75 hivi tu. Ukigawanya, ni kama saa moja na nusu kwa siku. Muda mwingine wote ulikwenda chini: kutengeneza, kungoja, kutafuta mafuta, kuangalia hali ya hewa. Na ubaya wake, meli kutoka Antwerpen hadi Matadi ilikuwa inachukua majuma mawili au matatu. Kwa mtu wa biashara, ndege ya Thieffry ilikuwa imeshindwa na meli.

Lakini yeye hakuona hivyo. Alijua kwamba meli haitaongeza mwendo sana, ndege itaongeza. Kilichokosekana ni viwanja, mafuta yaliyowekwa njiani, mafundi na piesi katika kila kituo. Kwa maneno mengine, rubani hodari peke yake si kitu. Anahitaji watu wengi chini.

Kufeli mara mbili, kisha Tanganyika

Baada ya sifa za 1925, mambo hayakwenda laini. Mwaka 1926 marubani wengine wa Ubelgiji, Medaets, Verhaegen na Coppens, walikwenda Kongo na kurudi kwa ndege, kitu ambacho Thieffry hakukifanya. Mwaka 1928 alijaribu tena njia hiyo pamoja na Lang na Quersin. Walijaribu mara mbili, mara zote mbili safari ikakatika.

Hapo alikuwa na umri wa miaka 35, na bado angeweza kukaa kwa uavoka wake akizeeka polepole. Akaamua kuja Kongo yenyewe. Shabaha yake sasa haikuwa tena Bruxelles na Kinshasa. Alitaka kuanzisha safari za ndani, mji kwa mji, katika nchi ambayo mtu alitumia majuma kufika upande wa pili. Alikuwa katika kazi hiyo ya kuchunguza njia tarehe 11 Aprili 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika. Yeye na mwenzake Gaston Julien walikufa. Philippe Quersin, aliyekuwa pamoja nao, alipona. Thieffry alikuwa na miaka 36.

Miaka sita baadaye, tarehe 23 Februari 1935, Sabena ilifungua safari ya kawaida kati ya Bruxelles na Léopoldville. Ilichukua siku tano na nusu badala ya 51. Marubani walikuwa Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt. Ndege yao iliitwa Edmond Thieffry.

Njia ilikuwa ya nani?

Haifai kusimulia maisha haya bila kusema upande wa pili. Njia ile ilifunguliwa kwa ajili ya koloni. Ilipeleka barua za Wabelgiji na wakubwa wao. Viwanja vilifyekwa kwa mikono ya wenyeji, lakini kiti cha rubani kilikuwa cha mzungu. Mtoto wa Costermansville, jina la Bukavu wakati ule, aliweza kuitazama ndege ikipita, si kuota kuiendesha.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Air Congo ilianza 1961, ikaja kuwa Air Zaïre mwaka 1971, na Wakongomani wakakaa mbele. Lakini kampuni hiyo ilikufa mwaka 1995, na waliokuwa wameifanyia kazi miaka mingi wakajikuta bila kazi. Congo Airways ilianza kuruka 2015. Mwezi wa 12 mwaka 2024 ikaja Air Congo mpya, ya serikali pamoja na Ethiopian Airlines. Historia yote hii inasema jambo moja: kampuni zinakuja na kwenda, na rubani anayetegemea kampuni moja tu anaweza kubaki chini.

Na hatari haikwisha na Thieffry. Watu wa Goma hawajasahau ndege iliyoanguka Birere mwezi wa nne 2008, wala ile iliyoangukia nyumba za watu mwezi wa 11 mwaka 2019. Tangu 2006, kampuni za ndege za Kongo hazikubaliwi kuruka katika nchi za Umoja wa Ulaya, juu ya mashaka kuhusu usalama.

Kijana afanye hesabu gani?

Kwa kanuni za kimataifa, mtu anahitaji saa 200 hivi hewani kupata leseni ya kuendesha ndege kwa malipo, na saa 1,500 kupata leseni ya juu, ile ya kapiteni wa ndege kubwa. Anapimwa afya kwa ukali, macho na moyo na masikio. Akitaka kuruka nchi za nje, lazima Kiingereza chake kifike ngazi ya nne, jambo linalowashitua wengi waliosoma kwa Kifaransa. Saa hizo zinalipiwa karibu zote na familia au na kampuni, na kati ya leseni ya kwanza na kazi ya kweli kuna pengo ambalo wengi wanaanguka ndani yake.

Maisha ya Thieffry hayasemi kwamba pengo hilo ni dogo. Yanaonyesha namna mtu mmoja alivyolivuka. Alikuwa na diploma nyingine, na ilimsaidia mara mbili: ilimtoa mikononi mwa Waholanzi, na ilimlisha baada ya vita. Alianza vibaya kuliko wenzake, akaendelea. Alielewa kwamba saa 75 za hewani zinabebwa na siku 51 za chini, na kwamba fundi De Bruycker alikuwa wa lazima sawa na marubani wawili. Kijana anayependa ndege lakini hana pesa za saa 1,500 anaweza kuanzia hapo: ufundi wa motere, kuongoza ndege kutoka mnara, hali ya hewa. Hizo nazo ni kazi za ndege, na bila hizo hakuna anayeruka.

Tena kuna lile alilolifia. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni kilomita kama 1,500 ukipita hewani, na hakuna barabara ya kumfikisha mgonjwa, mwanafunzi au mfanyabiashara kwa siku chache. Shabunda na sehemu nyingine nyingi za msitu bado zinategemea ndege ndogo. Mwaka 1929 Thieffry alikuwa anatafuta namna ya kuunganisha mji kwa mji ndani ya Kongo. Miaka karibu mia moja imepita, na mashariki kazi hiyo bado haijamalizika.

Etterbeek, alikozaliwa, kuna kituo cha metro kinachoitwa Thieffry. Watu wanashuka hapo kila asubuhi wakienda kazini. Upande wa huku, yule kijana aliyenyamazisha nyumba nzima kwa neno moja bado anangoja jibu. Wazazi wake wanaweza kuanza na hesabu: ya pesa, ya afya, ya lugha, na ya kazi ya pili atakayoishika wakati ndege zimesimama. Hesabu hiyo ikikaa sawa, hawana sababu ya kumwambia hapana.