Ashoka: Mfalme Aliyeanzia Toba Jikoni

Sisi tunaosoma falsafa hujifunza pia kwa wenye hekima wasiokuwa Wakristo. Mmoja wao ni Ashoka, mfalme wa India wa ukoo wa Maurya, aliyetawala katika karne ya 3 Kabla ya Kristo.

Mwaka wa 8 baada ya kutawazwa aliivamia nchi ya Kalinga. Kwa hesabu aliyoichongesha mwenyewe mwambani, watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa kwa nguvu. Ushindi huo ulimchoma moyo. Akayashika kwa bidii mafundisho ya Buddha, yanayokataza kudhuru kiumbe chenye uhai.

Majuto yake yaligeuka matendo, naye alianza na jiko lake mwenyewe. Jiko la kifalme, lililokuwa likichinja wanyama maelfu kwa maelfu kila siku, likabaki na tausi 2 na paa 1, na akaahidi kuwaacha hata hao. Kando ya barabara alipanda miti ya kivuli na miembe, akachimba visima kwa ajili ya watu na wanyama. Mwaka wa 26 wa utawala wake alitaja wanyama wasiopaswa kuuawa, akakataza kuchoma misitu bila sababu, hata kuchoma makapi yenye wadudu ndani.

Hakuwa malaika. Kalinga hakuirudisha, na watu wa misituni aliwatisha kwa nguvu zake. Toba yake ilibaki na mapengo, kama zilivyo nyingi za kwetu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Naye Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alituita kwenye wongofu wa kiikolojia. Wabuddha hawafundishi habari za Mungu Muumba. Sisi tunamkiri kila Dominika katika Kanuni ya Imani. Basi deni letu kwa viumbe vyake ni kubwa zaidi.

Hapa Kongowe tunapikia mkaa, na jirani zetu wa Kisarawe wameona misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ikikatwa kwa ajili ya mkaa huohuo. Katika kitubio tunaungama hasira na uongo. Moto tuliouwasha porini twaunyamazia. Tukitafuta pa kuanzia, tuanze alikoanza Ashoka: jikoni kwetu.