Bingwa aliyeshuka kwenye pikipiki

Katika misiba ya vijana waliokufa kwa ajali kuna neno ambalo padre hulisikia kabla hata hajavaa stola, kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Atalisema mjomba, atalisema mwenyekiti wa jumuiya, na wenzake wa kijiweni, waliokuja na pikipiki zao zimefungwa matawi ya miti mbele, watatikisa kichwa kukubali. Kwa miaka mingi sikulipinga. Msibani si mahali pa kufundishia katekisimu. Lakini hivi karibuni, baada ya mazishi ya kijana mmoja wa bodaboda, nilimwona mdogo wake akiondoka makaburini na pikipiki ile ile, helmeti imening'inia kwenye usukani. Nilipomgusia habari ya kuivaa, alinijibu kwa upole na heshima zote kwamba siku ikifika hakuna kofia inayoizuia. Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lilinijia njiani, na lilikuja na jina la mtu ambaye wasomaji wengi hawajapata kumsikia.

Jina lake ni Gary Hocking. Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1937 huko Caerleon, nchini Wales, lakini familia ilihamia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, naye akakulia Bulawayo. Nisiipambe nchi ile. Ilikuwa koloni ambamo mtoto wa mzungu aliota pikipiki za mbio, na mtoto wa Mwafrika wa umri wake alihesabiwa hata barabara za kupita. Hocking hakuichagua hali hiyo na sina ushahidi kwamba aliwahi kuipinga. Alikuwa kijana aliyependa injini.

Bulawayo ya miaka ile ilikuwa na vijana kadhaa wa namna hiyo. Mmoja alikuwa Jim Redman, mhamiaji kutoka London, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia mara sita akiwa na Honda. Rhodesia ilikuwa pia imeshaonja uchungu wa mchezo huu. Ray Amm, kijana wa Salisbury, alifia Imola, Italia, mwaka 1955, katika mbio zake za kwanza akiwa na kiwanda cha MV Agusta. Sidhani kama kulikuwa na kijana wa Bulawayo aliyepanda pikipiki ya mbio bila kulijua jina hilo.

Mwaka 1958 Hocking alikwenda Ulaya, akiwa na pikipiki aina ya Norton. Wakati ule kiwanda cha MV Agusta kilikuwa kinatawala, na wengine walikuwa wakigombea nafasi zilizobaki. Huko Nürburgring, Ujerumani, yeye alimaliza wa tatu, nyuma ya MV mbili. Mwaka uliofuata kiwanda cha MZ cha Ujerumani Mashariki kilimpa pikipiki ya cc 250, akashinda nayo Sweden na Ulster. Waitaliano hawakungoja zaidi, wakamchukua. Mwaka 1960 alishika nafasi ya pili ya dunia katika madaraja matatu, cc 125, cc 250 na cc 350. Mwaka 1961, John Surtees alipokuwa ameshahamia kwenye magari, Hocking alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 350 na wa cc 500 kwa mkupuo. Alikuwa na miaka 24 mwaka huo ulipoisha.

Sasa tufike kwenye wiki moja ya Juni 1962, kwa sababu maisha ya kijana huyu yamefungwa katika wiki hiyo.

Kuna kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ireland kinachoitwa Kisiwa cha Man. Tangu mwaka 1907 hufanyika huko mashindano ya pikipiki ya Tourist Trophy, ambayo wapenzi wake huyaita TT. Usifikirie uwanja. Ni barabara za kawaida za watu, mzunguko mmoja wa kilomita 60 na kidogo, unaopita vijijini, kati ya kuta za mawe, nguzo za simu na vizingiti vya nyumba, kisha unapanda mlima wenye ukungu na kushuka tena. Waendeshaji huachiwa kwa kupishana sekunde, kila mmoja akishindana na saa. Mpaka leo waliokufa katika barabara hizo, kwenye mbio na mazoezi, wamepita 250. Helmeti za wakati ule zilikuwa kama bakuli lililofunikwa kichwani.

Jumatano, tarehe 6 Juni, zilikuwa mbio za cc 350. Hocking alikuwa na MV. Kiwanda kilikuwa kimemleta pia Mike Hailwood, kijana Mwingereza mwenye kipaji cha kutisha, na wote wawili walijua kwamba nafasi ya kwanza kiwandani ni ya mtu mmoja. Nyuma yao alikuwa Tom Phillis wa Australia, bingwa wa dunia wa cc 125 wa mwaka uliotangulia, aliyekuwa na Honda ndogo kidogo kuliko MV zao na akitaka kuwafikia. Phillis na Hocking walikuwa marafiki wa karibu. Mahali panapoitwa Laurel Bank, Phillis aliikosa barabara, akafa. Alikuwa na miaka 28. Mbio hazikusimama. Hailwood alishinda, Hocking akawa wa pili kwa tofauti ya sekunde chache.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, zilikuwa mbio kubwa zenyewe, za cc 500, mizunguko sita. Hapa ndipo ninapokwama kila ninapoyafikiria maisha haya. Hocking alipanda tena pikipiki. Alipita Laurel Bank mara sita. Kwa nini? Alikuwa na mkataba, alikuwa bingwa mtetezi, na labda mtu aliyefiwa hushika kazi aliyoizoea kwa kuwa mikono haijui kukaa. Nimeona wajane wakifagia uwanja asubuhi ya mazishi. Alishinda, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, huku Hailwood akiharibikiwa na klachi. Kisha akatangaza kwamba imetosha. Hakungoja msimu uishe. Alikwenda Italia kwa Count Domenico Agusta, mwenye kiwanda, akaomba afunguliwe mkataba, akafunguliwa. Alisema mchezo ule umekuwa wa hatari mno, akarudi Rhodesia.

Naomba msomaji wangu usiipite sehemu hiyo haraka. Alikuwa na miaka 24, ana mataji mawili ya dunia, ametoka kushinda mbio zenye heshima kuliko zote duniani, na mashine bora iko mikononi mwake. Kwa kawaida watu huacha wanaposhindwa, na aliyeshinda hutafuta sababu ya kuendelea. Yeye aliona jeneza la rafiki yake, na jeneza likamwambia jambo ambalo ushindi haukuweza kulifuta.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi kuihubiri. Haikuishia hapo. Hocking aliacha pikipiki, hakuacha mbio. Aliingia kwenye magari, njia aliyopita Surtees, na wakati ule wengi waliamini kwamba magurudumu manne ni salama kuliko mawili. Haikuwa kweli sana. Magari ya mbio ya mwaka 1962 yalikuwa mepesi kama debe, yamejaa petroli ubavuni, na madereva hawakufunga mikanda. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Ricardo Rodriguez wa Mexico, kijana wa miaka 20, alikufa akifanya mazoezi katika jiji lake la Mexico ndani ya Lotus ya timu ya Rob Walker. Timu hiyo hiyo ndiyo iliyompa Hocking gari kwa ajili ya mbio za Afrika Kusini.

Katikati ya Desemba alikimbia Kyalami, karibu na Johannesburg, akafanya vizuri. Ilikuwa Desemba ile ambayo sisi Tanganyika tulikuwa tumeingia kwenye Jamhuri, na maaskofu walikuwa wametoka Roma kwenye kikao cha kwanza cha Mtaguso. Mbio za dunia za Afrika Kusini zilipangwa kufanyika East London tarehe 29, na zingekuwa zake za kwanza za ubingwa wa dunia wa magari. Kabla yake zilikuwapo mbio za Natal, uwanja wa Westmead, karibu na Durban. Ijumaa tarehe 21 Desemba, katika mazoezi, Lotus iliacha njia na kupinduka. Gary Hocking alifariki dunia siku hiyo, akiwa na miaka 25. Kutoka Ijumaa aliyoshinda TT hadi Ijumaa hiyo ni wiki 28 kamili. Krismasi ilikuwa imebaki siku nne.

Basi hapo yule mjomba wa msibani atanigeukia na kusema kwamba nimemaliza kumthibitishia. Alikikimbia kifo Ulaya, kikamngoja Durban. Wenye kusoma Biblia watanikumbusha Nabii Amosi, sura ya tano, juu ya mtu aliyemkwepa simba akakutana na dubu, na alipofika nyumbani akaumwa na nyoka ukutani. Amosi lakini hakuwa akifundisha habari za ajali. Aliwaambia hivyo watu waliokuwa wakiisubiri siku ya Bwana kwa shangwe huku wakiwanyang'anya maskini ngano yao. Tukiichukua picha yake tukaiweka barabarani, tunamfanya asema asichokisema.

Hocking hakukikimbia kifo akakikuta. Alitoka katika hatari moja akaingia katika nyingine iliyofanana nayo, na nasema hivyo bila kumhukumu, maana nani kati yetu alipoungama jambo aliliacha zima zima? Aliachana na nusu yake. Alisikia onyo la Laurel Bank kuhusu pikipiki, hakulisikia kuhusu mwendo wenyewe. Mwalimu wetu wa falsafa seminarini alikuwa akitukamua kweli kweli juu ya tofauti hii: Mungu kuijua saa ya mtu si sawa na Mungu kumsukuma mtu kwenye ukuta. Tunakiri kwamba siku zetu zi mikononi mwake. Hatukiri kwamba yeye ndiye aliyejenga kona bila kuweka kizuizi.

Bwana Yesu aliletewa swali hili hili. Mnara wa Siloamu ulikuwa umewaangukia watu 18, kama anavyotusimulia Luka katika sura ya 13. Hakusema walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakusema pia kwamba siku yao ilifika. Aliwageukia wale waliokuwa bado wazima mbele yake, akadai wao wabadilike.

Na wapo waliobadilika. Mwaka 1972, miaka kumi baada ya Phillis, Gilberto Parlotti wa Italia alikufa kwenye TT ile ile, siku ya mvua. Rafiki yake, Giacomo Agostini, aliyekuwa akiendesha MV Agusta kama Hocking kabla yake na aliyekuwa ameshinda pale mara nyingi, alisema hatarudi tena kukimbia kisiwani. Naye alikuwa juu kabisa ya mchezo. Tofauti ni kwamba safari hii waendeshaji wengine wakubwa walisimama naye, wakakataa nao. Baada ya mwaka 1976 TT iliondolewa kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Bado zipo, bado zinaua, lakini hakuna tena kijana anayelazimika kupita kati ya kuta zile ili awe bingwa wa dunia. Wangekubali wote kwamba siku ya Parlotti ilifika tu, wangezika na kurudi mwaka uliofuata.

Nimalizie na Hailwood, maana najua ataulizwa. Alishinda kila kitu, akaokoka kwenye pikipiki na kwenye magari, akastaafu. Machi 1981 alitoka nyumbani Uingereza na watoto wake kwenda kununua samaki na chipsi. Lori likageuza mahali pasiporuhusiwa kugeuza, mbele yao. Alikufa yeye, na binti yake mdogo akafa. Alikuwa na miaka 40. Wengi husimulia habari hiyo kama uthibitisho wa mwisho kwamba imeandikwa. Mimi naona lori, na naona alama ya barabarani iliyopuuzwa.

Mwezi wa Novemba, katika daftari la marehemu tunaowaombea altareni, huwa naandika pia majina ya Tom Phillis na Gary Hocking. Watumishi wa altare wameshazoea kuniuliza hao ni ndugu wa nani. Mwaka huu chini yao litakuwapo jina la kijana wetu wa kijiweni. Mdogo wake anaegesha stendi ya hapa karibu na parokia, chini ya mwembe. Nimepanga kwenda kwake kesho asubuhi kabla abiria hawajawa wengi, nipande pikipiki yake hadi hospitali kuwatembelea wagonjwa. Nitakwenda na helmeti mbili.