Bibi Ada Lovelace na Jedwali Lake

Muhula huu nimepewa ukurasa wa Maisha ya Watu Mashuhuri, na mtu niliyemchagua ni Bibi Ada Lovelace wa Uingereza. Kabla ya kuanza habari zake imenipasa niungame jambo moja, maana ndilo lililonifanya nimtafute.

Mimi ni mwanachama wa chama cha kompyuta hapa shuleni. Mwanzoni mwa muhula tuliandika programu ya kupata wastani wa alama za kila mwanafunzi, ili majina ya washindi yasomwe Siku ya Wazazi. Kazi niliyopewa mimi ni kuichapa programu yenyewe kwenye karatasi na kuibandika ukutani, wageni waione. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza macho: maneno ya amri yalikuwa ya buluu, namba za manjano, na maelezo ya kijani hafifu. Lakini mashine yetu ya kuchapa ina wino mweusi tu. Karatasi ilipotoka, namba zilikuwa zimefifia kama chaki kwenye ubao uliofutwa, na mistari mirefu ilikatika, mabaki yake yakaangukia chini yasipostahili. Mwalimu wetu aliitazama, kisha akaniuliza ni mstari gani unaogawa jumla ya alama. Sikuweza kumwonyesha. Hakunigombeza, alinirudishia karatasi yangu, akaniambia nikasome habari za Bibi Ada ndipo nirudi. Haya ndiyo niliyoyasoma.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba, 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mshairi aliyejulikana Ulaya nzima. Mama yake, Anne Isabella Milbanke, alikuwa mpenzi wa hesabu. Ndoa yao haikudumu. Mtoto alipokuwa na umri wa wiki chache tu, mama alimchukua akarudi kwa wazazi wake, na mwaka huo huo wa 1816 Byron aliondoka Uingereza asirudi tena. Alifariki Ugiriki mwaka 1824. Ada alikuwa na miaka minane, na hakupata kumjua baba yake.

Mama aliogopa binti asije akafuata tabia za babaye, basi akamtafutia walimu wa hesabu tangu utotoni. Ada aliyapenda mafunzo hayo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alijishughulisha na namna ya kutengeneza chombo cha kuruka, akichunguza mabawa ya ndege na kupima ukubwa wake. Mwaka 1829 alishikwa na surua, nayo ikamlaza kitandani muda mrefu. Alipopata nafuu ilimbidi atembee kwa magongo. Lakini vitabu hakuviacha.

Mwezi Juni, 1833, alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba, alikutana na Bwana Charles Babbage, bingwa wa hesabu. Bwana huyu alikuwa amejenga sehemu ya chombo alichokiita Mtambo wa Tofauti, kilichofanya hesabu kwa magurudumu ya shaba yenye meno. Wageni wengi waliokwenda kukitazama walikistaajabia tu kama mchezo. Ada alitaka kujua kinavyofanya kazi. Tangu siku ile wakawa marafiki mpaka alipokufa.

Mwaka 1835 Ada aliolewa na William King, ambaye mwaka 1838 alipewa cheo cha Earl wa Lovelace. Walipata watoto watatu. Siku hizo vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake, hivyo Ada alisoma nyumbani. Bibi Mary Somerville, mwanamke mwenye elimu kubwa ya sayansi, alimtia moyo. Na tangu mwaka 1840 Bwana Augustus De Morgan alimfundisha hesabu za juu kwa barua.

Wakati huo Babbage alikuwa ameanza kufikiria chombo kikubwa zaidi, Mtambo wa Uchanganuzi. Mtambo huu ungepewa maagizo kwa kadi zilizotobolewa matundu, kama zile zilizotumika katika vitanda vya mfumi vya Jacquard kule Ufaransa kufumia hariri yenye maua. Ungekuwa na mahali pa kuweka namba na mahali pa kuzifanyia kazi. Serikali ilikwisha kutoa zaidi ya paundi 17,000 kwa ule mtambo wa kwanza, nao haukumalizika, hivyo haikuwa tayari kutoa fedha nyingine. Mwaka 1840 Babbage alikwenda Turin, Italia, kueleza mawazo yake, na mhandisi mmoja kijana, Luigi Menabrea, akaandika makala juu yake kwa Kifaransa. Makala ilitolewa Uswisi mwaka 1842.

Ada aliifasiri kwa Kiingereza. Babbage alimshauri aongeze maelezo yake mwenyewe, naye akaongeza saba, akayatia alama za herufi kutoka A mpaka G. Maelezo hayo yalikuwa marefu karibu mara tatu kuliko makala yenyewe. Yalipigwa chapa London mwaka 1843, na chini yake ziliwekwa herufi tatu tu: A.A.L.

Jambo moja katika maelezo ya kwanza lilinigusa sana. Ada anaonyesha kwamba alama za hesabu zina desturi ya kumchanganya msomaji, kwa kuwa alama ile ile mara ni kiasi, mara ni amri. Tazama namba 2. Ukiandika 2 peke yake, ni kiasi cha vitu viwili. Ukiiandika ndogo juu ya 5, si kiasi tena. Ni agizo la kuizidisha 5 kwa 5. Mtambo usingeweza kubahatisha kama sisi. Kwa hiyo kadi za matendo ziliwekwa mbali na kadi za kuonyesha namba zinazotendewa. Niliposoma hapo nilielewa rangi za kioo cha kompyuta zina kazi gani. Kompyuta haina haja nazo. Yenyewe haioni buluu wala manjano. Rangi ni kwa ajili ya jicho la binadamu, apate kutenga amri, kiasi na maelezo kabla hajaanza kusoma. Rangi ikipotea, lazima kitu kingine kishike kazi yake.

Sasa nifike kwenye jedwali. Katika Maelezo G, Ada alitaka kuonyesha kwamba Mtambo ungeweza kutafuta namba za Bernoulli, ambazo ni ngumu kuzipata kwa mkono. Babbage alimsaidia hesabu fulani ili kumpunguzia kazi, lakini Ada akagundua kosa kubwa ndani yake, akamrudishia. Kisha akapanga hatua zote katika jedwali moja, hatua 25, likapigwa chapa kwenye karatasi kubwa ya kukunjwa. Kwanza aliliandika kwa penseli, na mumewe akakaa akilipitia kwa wino.

Jedwali lilipangwa hivi. Safu ya kwanza ni namba ya hatua. Ya pili ni tendo: kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawa. Ya tatu inataja vigeu vinavyotendewa, na ya nne kigeu kinachopokea jibu. Ya tano inaonyesha kigeu kipi kimebadilika na kipi kimebaki vile vile. Ya sita inaandika jibu linalotakiwa kupatikana. Baada ya hapo kila kigeu kina safu yake, na safu hizo zimekusanywa kwa mafungu: namba za kuanzia, namba za kazi, na majibu ya mwisho. Kila kigeu kina kijinamba kidogo upande wa kushoto, kinachoongezeka kila thamani yake inapobadilika. Na zile hatua za kurudiwa, kuanzia ya 13 mpaka ya 23, hakuziandika upya. Aliweka neno la kumjulisha msomaji kwamba zinarudiwa. Hapana rangi hata moja, na bado kila kitu kina mahali pake.

Pamoja na uangalifu wote huo, kosa moja liliponyoka. Katika hatua ya 4 kigeu cha tano kimeandikwa kugawanywa kwa cha nne, na ilipasa iwe kinyume. Kwa mfano alioutumia, Mtambo ungepata 9 kwa 7 badala ya 7 kwa 9, na hesabu yote iliyofuata ingeharibika. Kosa lilipita machoni pa wote mpaka likapigwa chapa. Lakini tazama ajabu yake: safu ya sita, katika mstari ule ule, imeandika jibu la haki. Mtu yeyote anayelinganisha safu hizo mbili analiona kosa, hata kama Mtambo haupo. Ndivyo watu wa baadaye walivyolitambua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomeka ni sawa na kukosa daftari.

Maisha yake yaliyofuata hayakuwa mepesi. Alicheza kamari ya mbio za farasi, akaingia katika madeni makubwa. Nalisema hili kwa sababu si vema kusimulia sifa za mtu na kuficha udhaifu wake. Kisha akapatwa na saratani ya kizazi, akateseka miezi mingi. Alifariki tarehe 27 Novemba, 1852, na umri wake ulikuwa miaka 36, sawasawa na umri wa baba yake alipokufa. Alizikwa Hucknall, kando ya kaburi la baba ambaye hakupata kumjua. Ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Babbage alifariki mwaka 1871, na Mtambo wake haukupata kujengwa. Maelezo ya Ada yalikaa karibu kusahauliwa mpaka kompyuta za umeme zilipotokea. Mwaka 1953 yakapigwa chapa tena katika kitabu juu ya mashine hizo mpya. Wengine humwita mwandishi wa kwanza wa programu. Wengine hujibu kwamba Babbage alikwisha kuandika mifano midogo kabla yake katika karatasi zake. Sitaki kuingia katika ugomvi huo. Linalotosha ni kwamba Ada aliiweka programu nzima mbele ya wasomaji, ikiwa imepigwa chapa, imepangwa ili mtu mwingine aifuate na kuikagua.

Marekani nayo ilimkumbuka. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilipotaka lugha mpya ya kuandikia programu iliiita Ada, na mwaka 1980 kanuni zake zilipewa namba 1815, mwaka aliozaliwa. Katika kitabu cha kanuni za lugha hiyo kilichotolewa mwaka 1983, maneno ya amri yalichapwa kwa herufi ndogo nene, na majina yanayobuniwa na mwandishi kwa herufi kubwa. Yaani hata hapo wino mweusi peke yake ulitosha.

Nilirudi kwa mwalimu nikiwa na mpango. Maneno ya amri niliyatia herufi nene, na maelezo herufi za mlazo. Nilitumia herufi zenye upana mmoja ili safu zilingane, nikatia kila mstari namba, nikaikata mistari mirefu mimi mwenyewe mahali panapofaa. Upande wa kulia niliongeza safu ya Bibi Ada: jibu linalotakiwa kila hatua, kwa mwanafunzi mmoja wa mfano. Nilimchagua mwenye masomo manane na jumla ya alama 560. Wastani wake ilipasa uwe 70. Mstari wa 14 ulimpa 62.2, kwa kuwa tuliagiza kila jumla igawanywe kwa 9, tukasahau kwamba wako wenzetu wasomao masomo manane.

Tulisahihisha siku mbili kabla ya sherehe. Siku ya Wazazi lilisomwa jina la mwenzetu mmoja wa masomo manane ambaye hakuwamo katika orodha ya kwanza. Mama yake alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, naye alisimama akashangilia kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na ukuta, chini ya karatasi yangu isiyo na rangi, na moyoni nilimshukuru Bibi Ada.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu