Alfred Russel Wallace

Alfred Russel Wallace (8 Januari 1823 – 7 Novemba 1913) alikuwa mwanabiolojia na msafiri Mwingereza aliyezaliwa karibu na Usk huko Wales. Anajulikana hasa kwa kubuni nadharia ya uteuzi asilia bila kutegemea kazi ya Charles Darwin. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mjini London tarehe 1 Julai 1858. Alionyesha pia kwamba wanyama walio hai wanaweza kufunua historia ya nchi kavu na bahari.

Maisha

Familia yake haikuwa na mali. Aliacha shule mapema akafanya kazi ya kupima ardhi pamoja na kaka yake. Mwaka 1848 alikwenda Amazon kukusanya wadudu na ndege wa kuuza Ulaya. Alipokuwa njiani kurudi mwaka 1852, meli iliungua pamoja na sehemu kubwa ya mikusanyo yake, naye akakaa siku 10 ndani ya mashua kabla ya kuokolewa. Miaka 2 baadaye alisafiri tena, safari hii hadi visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Huko alikusanya vielelezo zaidi ya 125,000 hadi mwaka 1862, akisaidiwa na wenyeji ambao mara nyingi husahauliwa, hasa Ali, kijana kutoka Sarawak.

Mstari wa Wallace

Mwaka 1856 alivuka kutoka Bali kwenda Lombok. Umbali ni mdogo, lakini ng'ambo alikuta kakatua, kasuku wenye kishungi wa upande wa Australia, na hakuwaona ndege kadhaa wa Kiasia aliowazoea Bali. Alieleza kwamba Sumatra, Java na Borneo zimezungukwa na bahari ya kina kifupi, hivyo zamani ziliungana na bara la Asia. Mpaka huo uliitwa Mstari wa Wallace na Thomas Huxley mwaka 1868.

Kisiwa cha Sulawesi kilimsumbua zaidi. Kina babirusa, nguruwe ambaye meno yake ya juu hutoboa ngozi ya pua, na anoa, nyati mdogo. Wallace aliona babirusa anafanana na ngiri wa Afrika, akadhani kisiwa hicho ni mabaki ya nchi ya kale sana. Wakati huo haikujulikana kwamba mabara husogea, na yeye mwenyewe baadaye alitetea kwa nguvu kwamba yamebaki mahali pake. Leo wanajiolojia hueleza kwamba bamba la Australia lilisogea kutoka kusini hadi kugongana na Asia.

Ushahidi wa DNA

Mabadiliko katika DNA hujikusanya kizazi hadi kizazi, kwa hiyo kwa kulinganisha DNA za wanyama inawezekana kukadiria wakati ambapo nasaba zao zilitengana au zilipoanza kuenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza babirusa, anoa na nguruwe mwitu wa Sulawesi. Ingawa mababu wa babirusa walitengana na nguruwe wengine zamani zaidi, wanyama wote watatu walienea kisiwani karibu wakati mmoja, katika miaka milioni 1 hadi 2 iliyopita, ardhi ilipokuwa ikiinuka kutoka baharini. Kwa umbo lake la sasa Sulawesi ni kisiwa kichanga, kinyume na Wallace alivyodhani, lakini waliotoa jibu ni wanyama walewale aliowachagua.