Derek Meddings, fundi aliyezipaka uchafu roketi zikaonekana za kweli

Jina lake huenda hulijui, lakini kazi yake umeiona. Kama uliwahi kuangalia James Bond akiingia baharini na gari linalogeuka nyambizi, au Superman wa mwaka 1978, au kile kipindi cha zamani cha vikaragosi na ndege kubwa ya kijani, basi ulikuwa unaangalia mikono ya Mwingereza mmoja, Derek Meddings. Sehemu kubwa ya ulichodhani ni chombo kizima ilikuwa modeli. Nyingine zingeenea juu ya meza ya kulia chakula.

Meddings alizaliwa London mwaka 1931. Wazazi wake wote wawili walifanya kazi kwenye filamu, baba akiwa fundi seremala wa studio. Yeye mwenyewe alisomea sanaa, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akapata kibarua katika studio za Denham: kuandika kwa mkono yale majina yanayopita mwanzoni na mwishoni mwa filamu. Herufi moja moja, kwa brashi. Kazi ya subira, na subira hiyo ilimfaa baadaye.

Huko akakutana na mzee aliyembadilishia maisha, Les Bowie, Mkanada aliyekuwa anachora mandhari za uongo kwa ajili ya filamu na kutengeneza matukio ya ajabu kwa bei ya kutupa. Bowie hakuwa na pesa wala hakuzisubiri. Kamba, maboksi, plasta, rangi, basi mji mzima umesimama. Kijana Meddings alijifunza hapo kwamba kamera haijui bei ya kitu. Inajua mwanga, umbali na rangi tu.

Slough, kwenye eneo la viwanda

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaanza kuchora mandhari kwa kampuni ndogo ya Gerry Anderson iliyokuwa ikitengeneza vipindi vya vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi. Mwanzoni ilikuwa kazi ya jioni, ya kuongezea kipato. Kisha vipindi vikahamia kwenye sayansi ya kubuni: Supercar mwaka 1961, Fireball XL5 mwaka 1962, Stingray mwaka 1964. Kila kimoja kilihitaji vyombo zaidi, milipuko zaidi na kutua zaidi. Meddings akawa mkuu wa kitengo cha matukio maalumu.

Halafu ikaja Thunderbirds, 1965. Hadithi ya familia moja yenye vyombo vitano vya uokoaji, imewekwa karne moja mbele. Watoto waliona vikaragosi. Ila ukiangalia vizuri utagundua kwamba vikaragosi havikuweza hata kutembea sawasawa. Waliobeba hadithi ni mashine. Na mashine hizo zilikuwa na tatizo moja kubwa: zilikuwa vitu vya kuchezea. Mtazamaji akishtuka tu kwamba hiki ni kidude cha mbao na plastiki, ameacha kuogopa. Ndege ikianguka hajali. Kipindi kimekufa.

Hapo ndipo Meddings alipofanya kitu ambacho leo kila mpenda modeli anakifanya bila kujiuliza kilitoka wapi. Alichukua chombo kipya kinachong'aa, akakichafua.

Fikiria lori lolote lililofanya kazi miaka mitatu. Rangi imechubuka pale mikono inaposhika mlango. Nyuma ya ekzosi kuna masizi. Chini ya kila bolti mvua imeburuta mstari mwembamba wa kutu. Macho yetu yanajua habari hizi tangu utotoni, hata kama hatujawahi kuzisema. Chombo kisicho nazo, ubongo unakikataa. Meddings na vijana wake walichora mistari ya mabati kwa penseli, wakabandika herufi na namba ndogo ndogo za tahadhari, wakapitisha rangi nyembamba chafu, wakamalizia kwa unga mweusi kwenye midomo ya injini. Ghafla Thunderbird 2 ikawa na uzito wa tani.

Kitu cha pili: walinunua maboksi ya modeli za plastiki za madukani, vifaru, meli na ndege za vita, wakazichambua wakatoa vipande vidogo na kuvigandisha kwenye vyombo vyao. Gurudumu la kifaru likawa kifuniko cha injini ya roketi. Hakuna anayejua kipande hicho kinafanya kazi gani, lakini jicho linaamini kina kazi. Ni rahisi kudhani ujanja huu na ule wa vyombo vichafu vya angani vilianza na Star Wars mwaka 1977. Hapana. Slough walikuwa navyo zaidi ya miaka kumi kabla.

Na kulikuwa na barabara. Kumkimbizia kamera mdoli wa gari kwenye meza ndefu ni shida, meza inaisha. Meddings akageuza mambo: gari likae palepale, barabara ndiyo ikimbie. Turubai refu lililoungwa kama mkanda, likizungushwa kwa magurudumu na injini. Mkanda mwingine nyuma umechorwa mbingu. Ndege ikining'inia kwa nyaya inaonekana inakimbia uwanja mzima, kumbe haijasogea hata hatua moja.

Katika kipindi cha kwanza kabisa, ndege kubwa ya abiria yenye bomu inatua juu ya magari matatu. Wakati wa kupiga picha, waya wa gari moja ulikatika, gari likaserereka na kwenda kugonga. Kwingine wangefuta na kurudia. Hapa waliipenda ajali hiyo wakaiandikia nafasi kwenye hadithi. Tajiri wa televisheni aliyekuwa anagharimia, Lew Grade, alipoona kipindi hicho aliagiza vyote virefushwe kutoka nusu saa hadi saa nzima. Kwa Meddings ilimaanisha kazi mara mbili, kwa mikono ileile.

Maji na moto havipungui

Kuna jambo moja fundi wa modeli hawezi kulidanganya. Ukipunguza meli mara kumi, tone la maji linabaki saizi ileile, na ulimi wa moto pia. Ndiyo maana meli za filamu nyingi za zamani zinaonekana kama mchezo wa beseni. Dawa zilikuwa mbili. Kwanza, piga picha kwa kasi kubwa kisha onyesha kwa kasi ya kawaida, ili mlipuko mdogo uchukue muda kupanda kama mlipuko mkubwa. Pili, pale penye maji, modeli iwe kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Somo hilo alilitumia kwa Bond. Alianza na Live and Let Die mwaka 1973. Kwenye The Spy Who Loved Me, 1977, hadithi ilitaka meli ya mafuta inayomeza nyambizi. Kukodi meli halisi kulikuwa na hatari na bima yake haishikiki, hivyo Meddings akaenda Bahamas na meli yake mwenyewe ya urefu wa futi 63. Hiyo ni modeli, ndugu msomaji, mita 19. Lakini baharini, pamoja na mkia wa povu uliopimwa vizuri, watu walitoka sinema wakiamini wameona meli nzima.

Wakati mwingine modeli iliokoa pale kitu halisi kiliposhindikana. Mwaka 1968, kwenye filamu ya Thunderbird 6, ndege ndogo halisi ya zamani ilitakiwa kupita chini ya daraja la barabara kuu. Masharti yalikuwa magurudumu yaguse chini wakati inapita. Upepo ukaja vibaya, rubani Joan Hughes akaona salama ni kupita akiwa hewani. Kesi ikaenda mahakamani. Hughes aliachiwa huru, ila ruhusa ya kuendelea kupiga picha hapo ilikuwa ndoto. Zilizobaki zikamaliziwa kwa modeli.

Mwanafunzi anampita mwalimu

Tuzo zilikuja kwa njia ya ajabu kidogo. Superman ilipata Oscar maalumu ya matukio, iliyotolewa mwaka 1979 kwa kikundi kizima, Meddings akiwemo pamoja na mwalimu wake Les Bowie. Bowie hakuiona. Alifariki Januari mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata Meddings akateuliwa kwa Moonraker. Vyombo vya anga vya kurushwa na kurudi vya Marekani vilikuwa havijaruka bado, ilikuwa 1979 na cha kwanza kingepaa 1981, kwa hiyo hakukuwa na picha halisi za kuiga. Moshi wa kuruka aliutengeneza kwa chumvi iliyomwagika kutoka chini ya modeli. Kwa vita vya angani alirudisha filamu nyuma ndani ya kamera na kuipiga tena, chombo kimoja kimoja, hadi mara 48 kwa picha moja. Kosa moja la mara ya 47 na kazi yote imekwenda. Hakuna kufuta.

Oscar ikaenda kwa Alien. Mmoja wa washindi wake alikuwa Brian Johnson, ambaye alikuwa amefanya kazi chini ya Meddings kule Slough kabla ya kuhamia kwa Stanley Kubrick. Kwa maoni yangu Alien ilistahili. Lakini ukiangalia meli yake chafu, nzito, iliyojaa mabomba yasiyo na maelezo, unaona darasa lilikuwa wapi.

Alikuja kufanya Batman ya 1989 na nyingine nyingi, na mwaka 1993 akatoa kitabu kuhusu kazi zake za enzi za Anderson. Kufikia hapo kompyuta zilikuwa zimeshaingia. Dinosa wa Jurassic Park walikuwa wamewatisha mafundi wa modeli kuliko walivyowatisha watazamaji. Meddings akarudi kwa Bond mara nyingine, GoldenEye, akajenga na kulipua kama zamani. Alikuwa anaumwa saratani. Alifariki tarehe 10 Septemba 1995, akiwa na miaka 64. Filamu ilitoka Novemba, ikiwa na maandishi ya kumkumbuka.

Mezani leo

Leo vyombo vyake vinauzwa kama modeli za resini, zinazomiminwa kwenye kalibu za silikoni kwa idadi ndogo. Resini ina tabia zake. Inatoka na mafuta ya kalibu, usipoiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni rangi itabanduka kama ganda. Kipande kilichopinda kinanyooka ukikichovya kwenye maji ya moto. Kusugua fanya kwa msasa wa maji na uvae barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Kisha praima, kisha rangi.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi huharibu. Mtu ananunua unga wa kutu na masizi, ana hamu, anapaka kila mahali sawasawa. Modeli inatoka kama imedumbukizwa tope. Tazama tena picha za Thunderbird 2: weusi uko nyuma ya injini, mikwaruzo iko mlangoni na miguuni inapotua, mistari ya maji inashuka, haipandi. Kabla ya kugusa brashi jiulize chombo hiki kilitua wapi jana, nani alikifungua, mafuta yalivuja kutoka wapi. Penseli ya kawaida ya shuleni, iliyochongwa vizuri, bado inachora mstari wa bati kuliko kalamu nyingi za bei mbaya.