Fumo Liyongo: Mwimbaji aliyefunikwa na sifa za nguvu zake

KUTOKA Garsen, Mto Tana huteremka polepole kupitia mashamba ya mpunga na misitu ya mikoko hadi Kipini, unakomwaga maji yake katika Bahari Hindi. Karibu na hapo, katika kijiji cha Ozi, ndiko masimulizi ya wenyeji yanakosema alizikwa Fumo Liyongo.

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina hilo. Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa kimo, nguvu na mishale yake pekee. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa mwimbaji, na kwamba ni wimbo uliomwokoa alipohukumiwa kufa.

Wanahistoria hutofautiana kuhusu enzi zake, wengine wakimweka katika karne ya 12 na wengine hata katika karne ya 17. Linalokubalika na wengi ni kuwa alihusishwa na Shaka, mji wa kale karibu na mlango wa Tana, na kwamba aliandamwa na mtawala aliyeogopa kunyang'anywa kiti. Katika utenzi mashuhuri, mtawala huyo ni Sultani wa Pate.

Liyongo aliishi mjini na pia msituni. Alikaa na waungwana wa Pate, akaoa kwa Wagala na kutembea porini na wawindaji wa Kisanye na Kidahalo. Wapokomo nao wana masimulizi yao kumhusu. Huenda ndiyo sababu tungo zinazonasibishwa naye ni za aina nyingi: zimo za gungu, ngoma ya karamu za waungwana, zimo za harusi, za kuusifu uta wake na za kumsifu mwanamke.

Alipokamatwa na kutiwa gerezani, Liyongo aliomba jambo moja tu kabla ya kuuawa, nalo ni kuchezewa gungu. Wakati huo alikuwa amekwisha kumtuma kijakazi Saada kwa mama yake, ujumbe ukiwa umefichwa ndani ya wimbo. Mama aliuelewa. Alioka mkate wa wishwa, akatia tupa ndani yake. Walinzi, waliozoea kumla mfungwa vyakula vyake vizuri, waliudharau mkate huo wakaupitisha.

Usiku wa ngoma ulipofika, Liyongo aliimba akiwa ndani na umati ukamwitikia nje. Kelele za ngoma zilizima sauti ya tupa ikikata pingu. Waliokuja kumuaga walijikuta wanamsaidia kutoroka bila kujua.

Lakini ngoma haikumkinga na damu yake mwenyewe. Mwanawe, aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, alimdadisi hadi akaijua siri, kisha akamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo aliuchukua uta, akapiga goti karibu na kisima na kufia papo hapo, mshale ukiwa tayari. Kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake alimwendea na kumsihi kwa nyimbo, ila safari hii hapakuwa na wa kuitikia. Mwana naye hakupata alichoahidiwa.

Tungo zake zilidumu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizitungia takhmisa beti za Liyongo. Mnamo 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye pia alikuwa mwanamuziki, aliandika utenzi wa maisha yake. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha nchini Ujerumani mkusanyiko wa tungo zinazonasibishwa naye.

Shujaa wa nguvu alishindwa na sindano. Mwimbaji angali anasikika kila tungo hizo zinapoghaniwa, na ni haki jina lake litajwe miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa nchi hii.