Bo Diddley, mwanamuziki wa rock aliyeagiza gitare ya umbo la sanduku

Katika picha za zamani za Bo Diddley, jicho linakwenda kwanza kwenye gitare yake. Haina kiuno wala mabega kama gitare nyingine. Ni mstatili mtupu, mwekundu, kama kisanduku kilichotiwa shingo. Wengi walidhani ni mbwembwe za jukwaani. Lakini Mmarekani huyo, mmoja wa waanzilishi wa rock 'n' roll, aliiagiza kwa sababu gitare kubwa aliyokuwa akiipiga kabla yake ilimuumiza.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1928 mjini McComb, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akaitwa Ellas Otha Bates. Mama yake alikuwa bado msichana mdogo, hivyo mtoto alilelewa na binamu wa mama huyo, Gussie McDaniel, akachukua jina la McDaniel. Mwaka wa 1934 familia ilihamia Chicago, kama Wamarekani weusi wengi wa wakati ule waliokimbia umaskini na ubaguzi wa kusini.

Katika kanisa la Wabatisti la Ebenezer alijifunza fidla na tromboni. Gitare yake ya kwanza ilikuwa zawadi ya Noeli kutoka kwa dada yake. Katika shule ya ufundi alijifunza pia kutengeneza ala za muziki kwa mikono yake, na ujuzi huo ndio uliokuja kumsaidia baadaye.

Muziki haukumlisha tangu mwanzo. Alifanya kazi ya useremala na ya ufundi wa magari, akapigana ndondi, na siku nyingine akapiga gitare kwenye kona za barabara na sokoni Maxwell Street pamoja na Jerome Green, mpiga kayamba. Mwaka wa 1951 alipata nafasi ya kupiga mara kwa mara katika baa ya 708 Club, upande wa kusini wa Chicago.

Mlango ulifunguka mwezi wa tatu 1955, aliporekodi kwa Checker, kampuni ndogo ya ndugu wa Chess. Wimbo wa kwanza ulibeba jina lake la jukwaani, Bo Diddley, ukashika nafasi ya kwanza kati ya nyimbo za weusi nchini Marekani. Tarehe 20 Novemba mwaka uleule alialikwa kwenye televisheni, katika kipindi cha Ed Sullivan kilichotazamwa na mamilioni. Waandaaji walitaka aimbe wimbo wa mtu mwingine uliokuwa ukivuma, yeye akaimba wa kwake. Sullivan alikasirika, na Bo Diddley hakuitwa tena.

Mdundo wa tatu na mbili

Kilichowashangaza wasikilizaji ni mdundo. Gitare yake ilikuwa na kazi ya ngoma: mapigo matatu, kisha mawili, yakirudi tena na tena, huku kayamba za Jerome Green zikijaza nafasi katikati. Mara nyingi wimbo mzima ulibaki kwenye akordi moja.

Msikilizaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi hahitaji kufundishwa mdundo huo. Mpangilio wa tatu kwa mbili ndio unaoitwa klave katika muziki wa Kuba, na ndio ulioingia Kongo kwa diski za Kuba na kukaa ndani ya rumba yetu. Bo Diddley hakuutoa Kinshasa, na Kinshasa haikuutoa kwake. Ila mizizi ya mdundo huo, kwake na kwetu, inarudi Afrika.

Gitare iliyomuumiza

Bo Diddley hakusimama mahali pamoja. Aliruka, alicheza, alipanua miguu jukwaani. Shida ilikuwa gitare. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akipiga Gibson L-5, gitare yenye tumbo pana la karibu sentimeta 43 na wazi ndani. Siku moja aliruka nayo, akatua vibaya, ikamgonga kwenye kinena.

Akaamua kutafuta gitare ndogo itakayomwacha aruke bila kujiumiza. Alichora alichotaka, na mwaka wa 1958 kiwanda cha Gretsch cha Brooklyn, New York, kikamtengenezea.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya namna gitare ya umeme inavyofanya kazi. Gitare ya kawaida inahitaji tumbo kubwa, maana hewa na mbao za tumbo hilo ndizo zinazokuza sauti ya nyuzi. Katika gitare ya umeme, nyuzi za chuma zinatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Mtikisiko unageuka kuwa umeme, umeme unakwenda kwenye ampli, na ampli ndiyo inayokuza sauti. Tumbo linabaki hasa kuwa mahali pa kushikia nyuzi, sumaku na vifungo. Tena gitare yenye tumbo kubwa lililo wazi inaanza kuvuma yenyewe inaposogea karibu na ampli iliyofunguliwa sana.

Kilichopunguzwa ni mwili tu. Shingo ilibaki na urefu wa kawaida, hivyo vidole havikubanwa.

Lakini umbo hilo lina gharama yake. Gitare isiyo na kiuno haitulii vizuri kwenye paja la mtu aliyeketi. Pia mwili wa mstatili usiokatwa upande wa chini ya shingo unauzuia mkono kufika kwa urahisi kwenye noti za juu kabisa. Mpiga solo anayeishi kwenye noti hizo angelalamika. Bo Diddley alipiga akisimama, na kazi yake ilikuwa mdundo. Alikaza nyuzi zake kwa namna ambayo zikipigwa bila kushikwa zinatoa akordi kamili, hivyo kidole kimoja kilichobana nyuzi zote kilitosha kumpa akordi nyingine. Alichokipoteza kwa umbo hilo hakukihitaji.

Mwaka huohuo wa 1958, Gibson nayo ilitoa gitare ya ajabu, Flying V, yenye umbo la herufi V. Hiyo ilibuniwa kiwandani ili kampuni ionekane ya kisasa. Wanunuzi waliikimbia: katika miaka miwili ya kwanza hazikutoka hata 100. Ilisubiri miaka mingi, na wanamuziki kama Albert King na Jimi Hendrix, ndipo ikapendwa. Ya Bo Diddley ilianzia kwa mpigaji, ikapata kazi siku ileile.

Baadaye Gretsch ilimtengenezea nyingine zisizo za kawaida, ikiwemo Jupiter Thunderbird. Aliwapa pia nafasi wanawake kupiga gitare ya umeme jukwaani, jambo lililokuwa adimu wakati ule: kwanza Peggy Jones, aliyeitwa Lady Bo, kisha Norma-Jean Wofford, aliyeitwa The Duchess.

Mdundo uliotajirisha wengine

Mwaka wa 1957 Buddy Holly alirekodi Not Fade Away juu ya mdundo uleule. Mwaka wa 1963 Bo Diddley alizunguka Uingereza, na kati ya vijana waliopiga katika ziara hiyo walikuwemo Rolling Stones, waliokuwa bado hawajavuma. Mwaka uliofuata walirekodi wimbo huo wa Holly, ukafika nafasi ya tatu Uingereza.

Yeye hakuvuna sawasawa. Sheria ya haki za mtunzi inalinda wimbo na maneno yake, lakini mdundo peke yake kwa kawaida haulindwi. Hata kwa nyimbo zake mwenyewe alilalamika miaka mingi kwamba hakulipwa alichostahili. Katika miaka ya 1970 aliishi Los Lunas, jimbo la New Mexico, ambako alitumika pia kama naibu wa sherifu. Ili apate riziki aliendelea kusafiri na kupiga hata uzeeni, na mwaka wa 1979 alifungua matamasha ya kundi la Clash nchini Marekani.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka wa 1987 aliingizwa kwenye jumba la heshima la rock 'n' roll, na mwaka wa 1998 akapewa tuzo ya Grammy kwa kazi ya maisha yake yote.

Mwezi wa tano 2007, baada ya tamasha katika jimbo la Iowa, alipatwa na kiharusi kilichoharibu usemi wake, na mwezi wa nane moyo wake ukashtuka. Alifariki tarehe 2 Juni 2008 nyumbani kwake Archer, Florida, akiwa na miaka 79.

Gretsch imerudia kutengeneza gitare yake ya mstatili, na mwaka wa 2005 iliifufua Jupiter Thunderbird kwa jina la Billy-Bo, kwa ushirikiano na Billy Gibbons wa ZZ Top, ambaye Bo Diddley mwenyewe alikuwa amempa moja. Umbo lake limewahi kuuzwa madukani kwa jina lake. Mdundo wake unapigwa kila mahali, bila malipo.